Mbegu Kwenye Kopo la Majani ya Chai

Siku niliyokubali bei ya kwanza, mwenye duka aliweka kalamu mezani akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akiangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara.

"Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

"Sawa ya nini?"

"Sawa ya bei, mzee. Andika."

Hakuandika. Miaka kumi na tisa nimemuuzia yule mzee maharage na mchele, pale dukani kwake Iringa mjini, duka alilofungua babu yake, na katika miaka yote hiyo hajawahi kunitajia bei nikaikubali. Hata ikiwa nzuri. Hasa ikiwa nzuri. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Ukiipokea ilivyo umemvunjia mwenzio heshima, ni sawa na mtu kukuuliza habari za asubuhi nawe ukaanza kumweleza kweli.

Lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana. Siku mbili kabla yake, ghalani Chimala, nilikuwa nimekohoa mara mbili. Nilizihesabu. Na ili ujue kwa nini mtu mzima ahesabu kukohoa kwake, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mimi nanunua na kuuza nafaka. Mchele nautoa Chimala, maharage nayatoa Igowole nilikozaliwa, vyote naviuza Iringa. Nyumba yangu iko Ipogolo, chini ya mlima, karibu na barabara kuu kiasi kwamba najua lori limebeba mzigo au liko tupu kwa mlio wake. Naishi peke yangu. Mume wangu alishatangulia, binti yangu ameolewa Mwanza. Vyumba vitatu, vikombe sita, natumia kimoja.

Kitendea kazi changu ni bambo, kipande cha bomba la chuma chenye ncha kali na mfereji katikati. Unalidunga gunia, mchele unateremka kiganjani, unaona chenga, unaona mawe, unausikia unyevu. Sasa kila anayeuza mchele anajua bambo huingia ubavuni kwa juu, kwa hiyo mchele mzuri huwekwa ubavuni kwa juu. Na mimi kwa hiyo hudunga chini, halafu nikazunguka nikadunga upande wa pili. Wale wakulima waliohamia Usangu, bonde la huko Chimala, kutoka kaskazini na ng'ombe wao walishanizoea.

"Mama, si umeshadunga?"

"Nimedunga huku. Huku bado."

Kikohozi kilinianzia humo humo ghalani, msimu wa mavuno. Tukasema ni vumbi la pumba. Nikanywa dawa ya maji, nikanywa vidonge vya rangi mbili, nikapimwa makohozi kutafuta kifua kikuu. Hakikuonekana. Nikaomba nipimwe tena, hakikuonekana tena. Wakati huo sketi imeshaanza kunizunguka kiunoni, natoka nyumbani zipu iko nyuma, nafika sokoni iko mbele. Mwisho nikaambiwa niende Mbeya kwenye mashine kubwa ya picha, na picha ikaonyesha kitu kwenye pafu la kulia.

Daktari niliyemkuta huko alikuwa binti wa umri wa mwanangu, sauti ya chini, vidole vyembamba. Akanieleza kwamba kitu hicho hakijulikani kwa kukitazama tu, lazima apitishe sindano katikati ya mbavu atoe kinyama kidogo, kikapimwe.

"Utadunga mara ngapi?" nikamuuliza.

"Moja inatosha, mama, tukipata cha kutosha."

"Dunga upande wa chini. Halafu zunguka."

Alicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka na wagonjwa. Baada ya wiki mbili akaniita: kinyama kimetosha kusema kwamba ni saratani, hakikutosha kusema ni saratani ya namna gani. Niliivuta tu sketi yangu nikaiweka sawa.

"Tutadunga tena, mama," akasema.

"Upande gani?"

Akanitazama. "Wa pili."

Kinyama cha pili kikapelekwa Dar es Salaam, nami nikarudi Ipogolo kungoja. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa ndugu wa karibu na namba yake ya simu. Niliandika jina la binti yangu. Namba nikaandika ya kwangu, ile laini ya pili. Nilijiambia simsumbui mtu mwenye watoto wadogo kwa jambo lisilojulikana. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba kusema kungekuwa ni kukubali.

Basi siku moja asubuhi ile laini ya pili ikaita. Hakuna anayeipiga. Nikapokea.

"Habari za asubuhi. Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa?"

Nikaitambua sauti. Ni daktari mwenyewe.

"Ndiye."

"Majibu ya mama yametoka. Mwambie aje Jumatatu, na ingefaa umsindikize."

"Nitamwambia," nikasema.

Jumatatu nilikwenda. Hakunisindikiza mtu, na daktari aliponiuliza binti yuko wapi nikasema amepata dharura. Akafungua karatasi.

"Umewahi kuvuta sigara?"

"Sijawahi."

"Nyumbani je?"

"Marehemu alikuwa ananusa ugoro. Ugoro hauna moshi."

Akasema ndivyo alivyofikiri, kwa sababu saratani yangu ni ya wale ambao mara nyingi hawajawahi kushika sigara. Ina badiliko kwenye jeni. Neno lile nililifahamu, binti yangu alikuwa akilisoma kwa sauti zamani, enzi za mitihani. Kwa ninavyokumbuka, jeni ni mambo ya ukoo, pua ya baba, kimo cha bibi.

"Kwa hiyo binti yangu anayo."

"Hapana, mama. Hukuzaliwa nayo. Imetokea humo humo kwenye pafu, ukubwani. Hakuna aliyekupa na hujamrithisha mtu."

"Sema tena."

Akasema tena, neno kwa neno. Hapo ndipo nikaanza kumpenda yule daktari.

Akachora duara kwenye karatasi. Kila seli, akasema, ina swichi ya kuiambia ikue na kujigawa, na swichi hiyo huwaka na kuzimika. Yako imekwama kwenye kuwaka. Nikamwambia hilo nalijua. Kuna mashine ya kukoboa pale Chimala iliwahi kukwama swichi, ikawa inanguruma hata mpunga umekwisha, inasaga hewa, mwenye mashine anaizunguka kama kuku. Fundi alikuja akachomeka kibanzi cha mti pale panapogusana, ikanyamaza. Daktari akasema ndiyo hivyo hasa: dawa hii ni kidonge, na kidonge ni kibanzi. Kinaingia kwenye ile swichi peke yake.

"Na zile dawa za dripu zinazong'oa nywele?"

"Zile zinapiga kila kinachokua haraka. Kizuri na kibaya."

"Zinazima umeme Chimala nzima."

"Umeelewa vizuri, mama."

"Basi nitakunywa mpaka lini?"

"Mpaka itakapoacha kufanya kazi. Haiondoi ugonjwa moja kwa moja. Inaushika. Siku moja seli zinaweza kubadilika tena, na hapo tutatafuta njia nyingine."

"Tuseme miaka kumi."

"Siwezi kusema, mama."

"Saba."

"Mama."

"Haya, taja wewe."

"Sina cha kutaja."

Nimekaa na wauzaji wa kila aina. Wanaolia, wanaoapa kwa marehemu, wanaojifanya wanaondoka. Sijawahi kukaa mbele ya mtu aliyekataa kabisa kutaja bei. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na kichupa mkononi, chini ya ile baridi ya Mbeya inayopenya hata jua likiwaka. Vidonge thelathini. Nikavihesabu kwenye leso. Thelathini.

Kikohozi kiliondoka bila kuaga. Kama wiki ya tatu niliamka asubuhi nikaona kuna kitu kimepungua ndani ya nyumba. Nikatazama redio, nikatazama bomba la uani. Ilinichukua muda kutambua kwamba kilichopungua ni mimi, sikohoi. Nilisimama katikati ya chumba nikivuta pumzi mpaka mwisho, nikitoa, nikivuta. Nilitamani nimwambie mtu. Nikawasha jiko, nikabandika chai.

Dawa nayo ilichukua ushuru wake. Tumbo lilikuwa linanikimbiza. Ngozi ya pembeni ya kucha ilipasuka, nikawa naona shida kuchambua punje. Usoni vikatoka vipele kama vya msichana wa kidato cha pili, na akina mama wa sokoni wakanipokea.

"Jamani, mwenzetu kaanza kujichubua kwa mkorogo!"

"Uzee huu, anamtafuta nani?"

"Si mumwache, huenda kashampata."

Nikacheka nao. Nikasema nimempata, ana lori mbili. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kweli, na kwa siku kadhaa walinionea wivu, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Sasa kuhusu mbegu.

Mama yangu, huko Igowole, alikuwa na kopo la maharage ya mbegu aliloliweka juu ya jiko, ndani ya moshi, maharage yamechanganywa na majivu wadudu wasiyaguse. Lilijazwa kwanza, kabla hatujala hata sufuria moja ya mavuno mapya. Upo mwaka tulikula mboga za porini kwa uji mwepesi, tumekaa tumelizunguka jiko, kopo limejaa liko juu yetu, na hakuna hata mmoja aliyelitaja. Mbegu si chakula. Mtu aliyekula mbegu yake kule kwetu alisemwa kama mtu aliyeuza mlango wa nyumba.

Kwa hiyo kichupa cha kwanza kilipofika nyumbani, nilifanya nilichofundishwa. Dawa ile ilikuja kwa mpango wa msaada, kutoka kwa watu nisiowajua, na vitu vya namna hiyo nimeviona vikija na vikiondoka. Trekta la msaada, kisima cha msaada. Asubuhi unakuta watu wanapima kwa futi, baada ya muda unakuta bango limebaki peke yake. Nikasema huu mpango ukikatika mimi nitabaki na nini? Nikachukua kopo la majani ya chai, nikalifuta, na kila Jumapili kidonge changu sikukinywa. Nilikiweka humo. Siku sita nakula, ya saba naweka mbegu.

Daktari aliponiuliza kama nakunywa kila siku nilisema ndiyo. Na baada ya kichupa cha tatu nilipopigwa picha, kile kitu kilichokuwa kama ndimu kilikuwa kimesinyaa kikawa kama punje ya harage. Alinionyesha kwenye kioo, amefurahi, mpaka sauti yake ya chini ikapanda. Mimi nikafurahi mara mbili. Moja kwa ajili ya pafu. Ya pili kwa sababu niliona nimeishinda hesabu: kumbe siku sita zinatosha.

Ndivyo tulivyokwenda mpaka kichupa cha saba kikaisha, mpaka siku ile ghalani Chimala nilipoinama kudunga gunia nikakohoa. Nikasimama. Nikasema ni vumbi. Nikakohoa tena.

Haya. Sasa turudi dukani.

"Unaumwa," alisema mwenye duka. Hakuuliza.

"Nimechoka tu, mzee."

"Ukichoka unakataa bei umekaa. Nimeshakuona. Leo umeikubali umesimama."

Akanisogezea stuli. Nikakaa. Nje mtu alikuwa anashusha mabati, kelele tupu, na labda kelele zile ndizo zilizonisaidia.

"Nina saratani ya pafu," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa maneno hayo mdomoni, yakasikika kama mzigo wa mtu mwingine nilioachiwa nimshikie. Mzee hakusema pole. Alikuna kidevu.

"Wanakupa nini?"

"Kidonge."

"Vingapi?"

"Kimoja kwa siku."

"Kimoja?" Akavuta droo akatoa kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba na vifuniko saba, kila kifuniko na herufi ya siku. "Mimi nakunywa vitano kwa siku, sukari na presha, na mimi ndiye mzima hapa."

Sijui ni nini kilichonipata. Nadhani ni ule ugonjwa wa zamani wa kutotaka kuzidiwa na mnunuzi. Nikajivuna.

"Mimi nina akiba," nikasema. "Arobaini na mbili, kwenye vichupa saba."

Mzee akatazama dari. Namjua anapotazama hivyo, anapiga hesabu, na kwenye hesabu ananizidi kasi.

"Wanakupa thelathini?"

"Ndiyo."

"Kila baada ya wiki nne?"

"Ndiyo."

"Mara saba. Basi kila kichupa kinabaki na viwili. Saba mara mbili, kumi na nne." Akaniinamia. "Ishirini na nane vingine umevitoa wapi, dada yangu?"

Nikatazama sakafu. "Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Naweka mbegu."

Nilimweleza. Kopo la mama, majivu, kisima cha msaada. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka, ingawa nilimwachia nafasi ya kucheka.

"Nimekuelewa," akasema. "Hata mimi bibi yangu aliweka. Sasa niambie kitu kimoja. Hizo utazipanda wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nina majibu ya kila kitu, nimeishi kwa majibu. Mabati yakashushwa, moja, jingine, na mimi mdomo wazi.

Akachukua karatasi ya kufungia sukari, akakipindua kile kisanduku, akamwaga dawa zake zote juu yake, akakunja karatasi vizuri akaitia mfukoni. Kisanduku akakisukuma upande wangu.

"Hiki kina vyumba saba. Nimekitafuta cha nane, cha mbegu, sijakiona."

"Na wewe?"

"Mimi nina mke wa kunipigia kelele."

Nikasimama. Nikamuuliza maharage tuyaandike bei gani, maana gunia nne zilikuwa zimeshashushwa.

"Yaache pale pembeni. Mimi sinunui kwa mtu asiyebisha. Watu watasema nimekuibia."

Wiki iliyofuata nilikuwa Mbeya, tarehe yangu ya picha. Nililiweka kopo juu ya meza ya daktari kabla hajauliza neno. Akafungua. Harufu ya chai ikatoka. Akavimwaga kwenye sahani akavisogeza kimoja kimoja kwa kifuniko cha kalamu.

"Arobaini na mbili," akasema.

"Rudia."

Akarudia. Arobaini na mbili.

"Mama, si ulikuwa unaniambia unakunywa kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

Nilidhani atanifokea. Ingekuwa nafuu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, halafu akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Ile punje ya harage ilikuwepo. Lakini ilikuwa imenenepa kidogo, upande mmoja, kama harage lililolala kwenye maji.

"Ni Jumapili zangu?" nikauliza.

"Sijui. Huo ndio ukweli. Kila unapokitoa kibanzi, mashine inapata nafasi. Lakini wapo wanaokunywa bila kuacha hata siku moja na bado ugonjwa unatafuta njia. Siwezi kukuambia ni Jumapili, na siwezi kukuambia si Jumapili."

"Nikinywa viwili viwili nikafidia?"

"Hapana, mama. Utajiumiza bure. Siku iliyopita imepita."

Akasema ukuaji ule ni mdogo, hautoshi kubadili dawa. Atachukua damu ipelekwe Dar, waangalie kama kuna badiliko jipya. Nitakunywa kimoja kila siku, baada ya miezi miwili tutapiga picha tena, na picha hiyo ndiyo itasema kama dawa bado imeshika. Nikaelewa. Miezi miwili, kuamua kama nina kibanzi au sina.

"Na hizi?" Nikaionyesha sahani.

"Zimekaa kwenye kopo, hazina kifungashio chake, zimevuta unyevu. Siwezi kukurudishia, na siwezi kumpa mwingine."

Nesi alizichukua. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye ndoo ya dawa za kuteketezwa. Nje kwenye benchi walikuwepo watu wamekaa na bahasha zao za picha, na mmoja, mama wa makamo mwenye kikohozi kama changu cha zamani, alikuwa bado anangoja majibu ya kinyama chake. Nilipita mbele yake nikashindwa kumsalimia.

Kabla sijaondoka nilirudi mlangoni.

"Daktari. Ile namba ya ndugu wa karibu, naomba nibadilishe."

Akafungua faili. "Hii iliyopo ni ya nani?"

"Ya kwangu."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo yule binti niliyeongea naye siku ile."

"Ni mimi."

"Ulisema utamwambia mama."

"Nilimwambia."

Alitazama dirishani, midomo imebanwa, sijui alikuwa anazuia kucheka au kitu kingine. Nikamtajia namba ya binti yangu, ya kweli, tarakimu kwa tarakimu. Nikaitaja tena.

Nilimpigia binti yangu pale pale, kwenye benchi la nje. Nilisema yote kwa mfululizo, kama mtu anayetoa hesabu, ili asinikatize. Nilisikia watoto wake nyuma wakigombania kitu.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka jana, wakati wa mavuno."

"Nani mwingine anajua?"

"Mwenye duka."

"Mwenye duka gani?"

"Anayenunua maharage."

Halafu, taratibu kabisa: "Kwa hiyo nimejua baada ya mnunuzi wa maharage."

Akalia. Nikamwacha alie, nikihesabu madirisha ya jengo la mbele. Mwisho akauliza kile nilichojua atauliza: hii ni ya kurithi?

"Si ya kurithi."

"Una hakika?"

"Nilimwambia daktari aseme mara mbili."

Alitaka kuja. Nikamwambia watoto wana shule, na hapa hakuna cha kufanya ila kumeza kidonge kimoja na maji. Tangu hapo ananipigia kila Jumapili asubuhi. Haulizi habari. Anasema, "Umemeza?" Nasema nimemeza. Anasema, "Nisikie." Natikisa kisanduku karibu na simu ili asikie chumba cha Jumapili, cha mwisho, nacho hakilii. Halafu simu inakatika, na nyumba inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla haijaita.

Miezi miwili ile niliimaliza siku moja moja. Zamani kichupa kikipungua nilikuwa na kopo la kutazama. Sasa nilikuwa nakitazama kichupa kikielekea chini na hakuna kitu juu ya kabati. Mpango ungekatika kesho, ningeamka mtupu. Ndiyo hofu iliyokuwa ngumu kuliko saratani yenyewe, kula kila kitu nilichopewa siku niliyopewa. Usiku nililala. Asubuhi nilikifungua kifuniko cha siku hiyo, nikameza, nikakaa kitako kitandani mpaka niamini kwamba nimemeza.

Kukohoa? Nilikohoa mara nne katika miezi hiyo miwili. Mara tatu nina hakika lilikuwa vumbi.

Majibu ya damu yalikuja: hawakuona badiliko jipya, ingawa daktari alinionya kwamba damu huweza kukosa kuona. Nikamwambia najua, umedunga upande mmoja. Kisha akafungua picha. Tukaitazama wote wawili, yeye na kalamu yake, mimi na pumzi yangu nimeibana. Ile punje ilikuwa pale pale, na ule unene wake wa upande mmoja.

"Haijaongezeka," akasema.

"Imepungua?"

"Haijapungua. Imesimama."

"Imesimama au imejipumzisha?"

"Imesimama, mama. Leo imesimama. Tutaangalia tena."

Akanipa kichupa kingine. Sikukihesabu pale mbele yake. Nilikihesabu kwenye benchi.

Jumamosi nikaenda dukani. Gunia zangu nne zilikuwa pale pale pembeni, nyuma ya ndoo za plastiki. Mwenye duka alininong'onea kamwene, salamu ya wenyeji, kama mzaliwa wa Kalenga, akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kisha akataja bei.

"Hiyo bei kamwambie mkeo," nikasema.

"Maharage yako yamezeeka."

"Yamezeekea kwako. Uzee huo ni wako."

Akainua uso taratibu. "Umepona?"

"Sijapona. Bei yako ni mbaya."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliongeza kidogo, nikakataa, akaapa kwamba nitamfilisi, nikainuka nikajifanya naondoka, akaniacha nifike mlangoni kabisa kabla ya kuniita, jambo ambalo hufanya akiwa na furaha. Tulipomaliza hakuniuliza lolote zaidi, nami sikumweleza. Nilishuka Ipogolo kwa miguu. Nilipumzika mara mbili njiani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Binti yangu alipiga, nikatikisa kisanduku, akaridhika, akakata. Mvua ilianza mchana. Niliosha kikombe, nikakaa dirishani nikiangalia malori yanavyopunguza mwendo kwa ajili ya utelezi. Mara wasiwasi ukaniingia kama kweli nilimeza. Nikakichukua kisanduku nikafungua kifuniko cha mwisho, cha Jumapili.

Kitupu. Nikakifunga, nikakifungua tena.